Saa za Jumatatu

Mwenye nyumba wetu pale mtaani Laini Saba hakuwa mtu wa kelele. Ukichelewesha kodi, alikuja Jumamosi alasiri na bisibisi, akang'oa mlango, akaubeba begani kwenda nao kwake. Wewe ulibaki na pazia. Mwaka huo, sabini na kitu, baridi ya Julai ilikuwa kali, na mtoto wetu wa kwanza alikuwa hajamaliza hata mwezi. Nilishaambiwa: Jumamosi hii, kodi au mlango.

Sikuogopa sana. Kiwandani tulikopika sabuni tulilipwa kwa saa, na Jumatatu na Jumanne tulikuwa tumebakizwa hadi giza. Ovataimu hiyo, malipo ya saa za ziada, ndiyo ilikuwa kodi yangu. Kisha Alhamisi boila ya kuchemshia sabuni ikaharibika, tukarudishwa nyumbani mchana.

Tulirudi kwa miguu tukifuata reli, wengi wetu watu wa mashambani, magharibi mwa nchi, na njia nzima ilikuwa maombolezo. Saa tulizokosa Alhamisi, tulikubaliana, zitakatwa kwenye zile za ziada za Jumatatu na Jumanne. Hakuna aliyetuambia hivyo, ni sisi wenyewe. Kwetu kulima ni kwa zamu, leo kwangu kesho kwako, na aliyelima hadi jua kutua hasemwi akichelewa siku ya pili. Tukaubeba ustaarabu huo hadi kiwandani, wajinga sisi. Ijumaa asubuhi tukamwendea nyapara kwa adabu zote, tukamwomba tubaki Jumamosi alasiri bila malipo ili tufidie saa za boila na ovataimu yetu isiguswe.

Nyapara alifurahi karibu atukumbatie. Alisema sisi ni wafanyakazi wa mfano. Nikiukumbuka uso wake, hadi leo hasira inanipanda.

Jioni nilipomweleza mke wangu, aliacha kusonga ugali.

"Baba mtoto, Jumamosi alasiri si ndiyo huyo mzee anakuja? Wewe utakuwa huko unafanya kazi ya bure, na mimi niko hapa natolewa mlango?"

Nilimfokea aendelee na ugali wake.

Mjumbe wetu wa chama cha wafanyakazi alikuwa mama mmoja wa Kawangware, mfungaji wa sabuni. Habari zilimfikia Jumamosi asubuhi, akaja pale tulipokuwa tukifanya kazi, amefura.

"Nyinyi mko na akili kweli? Nani aliwaambia siku zinakopeshana?"

"Lakini mama, Alhamisi tulienda mapema," nikasema.

"Alhamisi utalipwa yale masaa ulifanya, basi. Hiyo ni hasara ya Alhamisi. Lakini mapatano yetu na kampuni yanasema kila siku inahesabiwa peke yake. Ukipitisha masaa nane kwa siku moja, kila saa inazidi unalipwa kama saa moja na nusu. Jumatatu ilishafungwa, bwana. Hakuna mtu anaweza kuifungua."

"Na leo tukibaki?"

"Leo ni nusu siku. Mkibaki ni ovataimu pia, walipe. Ya bure, hapana."

Akaenda kumwambia nyapara maneno hayo hayo mbele yetu. Ghafla nyapara akakumbuka kwamba kazi ya alasiri haikuwa ya haraka.

Mchana huo tulipopewa bahasha za mshahara wa wiki, yangu niliifungulia nyuma ya stoo. Malipo ya Alhamisi yalikuwa yamepungua, kweli, lakini ovataimu ya Jumatatu na Jumanne ilikuwemo yote. Nikakaa juu ya debe. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, sikujali nani ananisikia. Kisha nikaifuata reli nusu nikikimbia.

Nilimkuta mwenye nyumba ameshafungua bawaba ya juu. Nilimpa kodi yake. Akaitia mfukoni, akaniambia nimshikie mlango usimwangukie, akazirudisha skrubu.

Alipoondoka, mke wangu alisukuma komeo, akalifungua, akalisukuma tena. Akauegemea mlango kwa mgongo, mtoto kifuani, akaanza kucheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Nikamchukua mtoto mikononi mwake, apate kulia vizuri.