Shukrani za Bi Mwamvua

Kazi ya Fayaz, mhasibu wa Kiponda, ni kuhesabu fedha ambazo hazikuingia mfukoni mwa mtu. Ukifukuzwa kazi kwa dhuluma, yeye hupiga hesabu: ungelipwa kiasi gani, kwa miezi mingapi, akatoa ulichochuma kwengineko. Anaipenda kazi hiyo kupita kiasi. Hata mkewe, Narjis, akichelewesha chai, husomewa hasara yake. Ila kodi ya ofisi yake mwenyewe, iliyolala miezi mitatu bila kulipwa, hiyo haijui kalamu.

Bi Mwamvua wa Chwaka alipika hotelini miaka kumi na moja, akafukuzwa siku moja bila barua. Sasa ni mwaka mzima anauza vitumbua. Binti yake Badria yuko chuoni, na fidia anayoidai hoteli ndiyo ada yake. Ikikosekana, anarudi nyumbani. Fayaz akamwandikia kurasa sita za hasara, hadi bakhshishi za wageni.

"Nakuomba, Bi Mwamvua," alimwambia mlangoni mwa msuluhishi wa kesi za kazi. "Ukiulizwa hali, sema ilivyo. Usianze yale ya alhamdulillah."

"Kwani mie mtoto mdogo? Nshasikia."

Ndani, wakili wa hoteli akaanza kwa adabu zote. "Shikamoo, bibi. Tangu uache kazi, hali vipi?"

"Marahaba, mwanangu. Alhamdulillah, tunakula, tunalala. Hatuna la kulalamika."

"Basi hasara iko wapi?" akauliza wakili, huku anaandika mbio.

Fayaz alihisi kurasa zake sita zinakwenda arijojo. Alimkasirikia mama wa watu, na papo hapo akamwonea huruma.

Msuluhishi, Bi Shemsa, akavua miwani. "Na wewe, Bwana Fayaz, biashara vipi?"

"Alhamdulillah, inakwenda," likamtoka.

"Mwenye nyumba wako ni jirani yangu. Miezi mitatu, siyo?"

Hata wakili alicheka. Bi Shemsa akamgeukia karani. "Andika: mlalamikaji amemshukuru Mungu. Hilo si pato." Kisha, kwa sauti ya chini: "Haya, bibi. Vitumbua vinakubakishia ngapi kwa siku?"

Bi Mwamvua akatazama sakafu. "Elfu tatu," akasema, na machozi yakamtoka. "Siku nyengine hakuna."

Fayaz akafunua ukurasa wa nne. Yeye alikuwa ameambiwa na bibi mwenyewe elfu kumi. Akaikata kwa kalamu, akaanza kuhesabu upya.