Hodi Tatu za Dadangu

Bango la msimu mpya lilipobandikwa kwenye lango la ukumbi wa michezo, mimi sikuliona. Niliambiwa. Nilikuwa dukani kwangu nakunja leso ambazo mteja amezifunua zote asinunue hata moja, na jirani aliyeniletea habari hata salamu hakuitimiza. Alisimama mlangoni akasema, "Wamempa mtu wa Nairobi," kisha akaomba maji.

Sikuwa na haja ya kuuliza amepewa nini. Mtaani kwetu, hapa nyuma ya Ndia Kuu, tulikuwa tushajua tangu kabla ya Ramadhani kwamba mchezo wa kwanza wa msimu utahusu mjane wa Mji wa Kale anayekataa kuuza nyumba ya marehemu mumewe. Na tulikuwa tushaamua, bila kuulizwa na mtu, kwamba mjane ni dadangu. Nani mwengine? Dadangu ni karani wa shule ya msingi kule Ganjoni, na jioni zake, tangu usichana, amezimaliza kwenye jukwaa la ukumbi ule. Amekuwa mama mkwe, amekuwa mkunga, amekuwa mke wa kadhi, na mwaka mmoja alikuwa jini. Akilia jukwaani watu hutafuta vitambaa. Mimi ni mdogo wake na sioni haya kumsifu.

Basi ujane akapewa mwigizaji wa runinga, kijana, mzuri mashallah, juu ya sura yake sina la kusema. Nilipofunga duka nilikwenda mwenyewe kulitazama hilo bango. Alikuwa amejitanda leso, na jina la leso, yale maneno yaliyoandikwa pindoni, limekaa juu chini. Nilisimama pale nikaitazama ile leso mpaka mwenye tuktuk akanipigia honi nimpishe.

Kundi letu la simu lilikuwa limeshawaka. Mmoja aliuliza msichana kama yule amjua nani aliyefiwa. Mwengine alisema yeye humpenda sana kwenye runinga na haoni ubaya, akaandamwa mpaka akanyamaza. Jirani yetu mwenye duka la vyombo, Muhindi ambaye babu yake alizaliwa mtaa huu huu, aliniambia kwa upole kwamba ukumbi nao una bili za umeme, na sura inayojulikana hujaza viti. Nikamwambia akauze sufuria zake.

Tukiwa bado twachemka, likaja la pili. Msimu huu, tangazo lilisema, viti vyote vina nambari, tikiti zakatwa kwa simu, na ni marufuku kuweka nguo vitini. Hilo la nguo lilitulenga sisi. Desturi yetu, siku ya mchezo, aliye na nafasi baada ya adhuhuri hukusanya leso za wenziwe akaenda ukumbini akazitandaza safu za mbele, kama tufanyavyo harusini. Bawabu wa zamani alizijua leso zetu kuliko nyuso zetu. Mtu akiingia akaona leso kitini, hupita akatafuta kwengine, na hapana ugomvi. Kiti cha mamangu kilikuwa cha mbele kabisa upande wa kushoto, kwa kuwa sikio lake la kulia ndilo lililobaki kusikia. Sasa leso wameiita nguo, kama kwamba ni shati la mtu lililosahauliwa.

Mimi ndimi niliyeandika kwenye kundi kwamba msimu huu hatuendi. Sikushauriana na yeyote, wala na dadangu. Wenzangu waliitikia mmoja baada ya mwengine: hatuendi, na aende mwenye kupenda runinga. Nililala vizuri usiku ule.

Lazima nieleze jambo la ngazi zetu. Tangu dadangu aolewe akahamia Ganjoni, haipiti siku bila kuja kumwangalia mama, ambaye aishi nami ghorofani. Huja baada ya alasiri akitoka shuleni, akafika chini ya ngazi za mbao akapiga hodi. Mama huko juu humwitikia, "Karibu," naye hujibu, "Starehe," ndipo apande. Mlango uko wazi, na yeye ni mtoto wa nyumba, lakini hapandi mpaka aitikiwe. Ndivyo tulivyolelewa. Hodi ikipigwa huitikiwa, hata kama una unga mikononi, na ukipiga mara tatu ukapata kimya, waondoka zako bila ya kununa.

Siku ya pili ya mgomo wangu alikuja kama kawaida, akapiga hodi, akapanda, akambusu mama mkono. Mama alipokwenda kutawadha, dadangu alinifuata jikoni. Nilidhani amekuja kunishukuru. Kumbe alikuja kuniambia kwamba na yeye yumo mchezoni, amepewa jirani. Nikamuuliza huyo jirani afanya nini. Akaniambia kwamba mjane na jirani yake wamegombana, na siku moja jirani apata habari kwamba nyumba itachukuliwa, aja kupatana. Apiga hodi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Apiga ya tatu, mjane yuko ndani amsikia na haitikii. Jirani ageuka aenda zake. Basi.

"Hodi tatu," nikasema. "Miaka yote hiyo, ukapewa hodi tatu. Hata muuza samaki hupiga zaidi ya hizo."

Alisema mimi sielewi. Mwongozaji amewaambia kwamba mchezo mzima wasimama juu ya kimya kile, na mazoezini yeye mwenyewe, akiondoka pale mlangoni, miguu huwa mizito. Mimi nikamwambia kwamba amejidhalilisha, na kwamba mwenye heshima angewarudishia hodi zao. Nilisema na mengine. Kinywa changu kikishafunguka hakina komeo.

Dadangu hakupandisha sauti. Yeye sauti yake huiweka kwa ajili ya jukwaa. "Ule ujane niliutaka," alisema, "na umeniuma kuukosa, usidhani haukuniuma. Lakini nyinyi msipokuja, nitakuwa napiga hodi mbele ya watu wasionijua. Hilo litaniuma zaidi." Akachukua mkoba wake akashuka. Viazi vyangu vilikuwa vimeungua.

Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Akawa ampigia mama simu asubuhi, saa ambazo mimi niko dukani. Mama kwa simu hasikii vizuri, huitikia ndio, ndio, kisha jioni huniuliza mimi, "Dadako alisemaje?" Nami nitajuaje? Baada ya alasiri alikuwa akikaa kwenye kiti chake karibu na ngazi, sikio la kulia ameligeuzia chini, na mtu yeyote akipita uchochoroni na viatu vya kugonga, huinua kichwa. Siku nyingi zilipita hivyo. Nilikuwa namwona, nikajifanya nina kazi. Nilikasirika na ule ukumbi, nikakasirika na dadangu, na yule msichana wa runinga nilimkasirikia zaidi, maskini, ambaye hajui hata ngazi zetu ziko wapi.

Siku moja mama alivua tasbihi mkononi akaiweka. "Mwanangu haji hapa," akasema. "Basi mimi nitakwenda aliko. Nikatie hiyo tikiti."

Nikamwambia tumekubaliana mtaa mzima kwamba hatuendi. Mama akaniuliza, "Mimi nilikubaliana na nani?" Nikaichukua simu.

Kukata tikiti kwa simu ni adhabu. Yataka jina, yataka nambari ya siri, kisha yakutumia nambari nyengine uirudishe kabla haijaoza. Mara mbili ilioza. Hatimaye ikanifungulia ramani ya viti, na vya mbele vyote vyekundu, yaani vishakwenda. Kilichobaki ni safu ya mwisho kabisa, karibu na mlango, viti viwili vya pamoja, onyesho la Jumapili alasiri. Nikavichukua. Kwenye kundi sikuandika kitu. Mama alivaa kanzu yake ya sherehe, akachukua na leso, nikamwambia leso haitakiwi. Akasema hiyo ni ya kujifunikia magoti.

Tulipoingia ukumbini nilijitanda buibui mpaka puani nikamwongoza mama huku nyuma. Safu ile ya mwisho ilikuwa karibu kujaa. Aliyekaa kando ya kiti changu alikuwa ameinamisha uso kwenye simu kama mwenye kutafuta sindano, na nilipomtazama vizuri, ni yule aliyeniletea habari dukani akaomba maji. Kando yake ni yule aliyeandika aende mwenye kupenda runinga. Na wa kando yake, na wa safu ya mbele yetu, buibui tupu, mtaa mzima, kila mmoja amekuja kwa siri, na kila mmoja amechelewa kukata akatupwa nyuma. Hakuna aliyemsalimu mwenziwe. Mwenye sufuria pia alikuwepo, na mkewe. Yeye alitabasamu.

Mchezo ulichelewa kuanza kwa kuwa wenye viti vya mbele walikuwa wamekwama kwenye foleni ya magari ya Makupa. Walipofika walikaa pale tulipozoea kukaa, wakajipepea kwa vile vikaratasi vya wahusika. Kisha taa zikazimwa, na haki ni haki, yule msichana alicheza. Leso safari hii ilikuwa sawa, sijui nani alimfunza. Alipokataa kutia sahihi nilijikuta nasema "ehe" kwa sauti. Lakini muda wote nilikuwa nangoja, na nilikuwa na hofu ambayo sikuitazamia. Kutoka jukwaani, mwanga ukiwa usoni, huoni zaidi ya safu za mbele. Dadangu aliniambia hivyo zamani. Atatokea, ataangalia kushoto kwenye kiti cha mama, ataona mtu mwengine. Atajua hatukuja. Na mimi niko hapa hapa, sina la kufanya. Mama alikuwa amesinzia, kichwa begani kwangu. Mbali vile hakusikia hata neno moja.

Akatokea. Buibui lake la kila siku, mkononi sahani imefunikwa kawa. Alisimama mbele ya mlango wa mbao uliotengenezwa kwa ajili ya mchezo. Mjane alikuwa upande wa pili, sote twamwona, ameketi amekumbatia magoti. Dadangu aliangalia kushoto, kwenye safu ya mbele. Aliangalia kidogo tu, asiyemjua hangeona. Mimi nikaona mabega yalivyoshuka.

"Hodi," akasema.

Kimya. Watu wa mbele walitulia kama walivyotakiwa. Kwetu huku nyuma viti vilianza kulia. Mtu akasafisha koo. Aliye kando yangu alikuwa ameuma pindo la buibui.

"Hodi."

Nitasema kweli: mwili wangu ulikuwa wauma. Wajua ni mchezo, wajua yule ndani hataitikia, na bado neno limekujaa kinywani. Nilijibana midomo kwa mkono. Mbele yangu mwanamke mmoja alitikisa kichwa, akasema polepole, jamani mwitikieni.

Ya tatu dadangu aliitoa kwa nguvu. Sijui kama ndivyo alivyokuwa akiitoa mazoezini. Aliitoa kama mtu aliye chini ya ngazi akijua kwamba juu kuna mwenye sikio moja.

"Hodi!"

Mama akainua kichwa begani kwangu. Hakufungua macho sawasawa. "Karibu, mwanangu," akasema, kwa ile sauti ya kupelekwa chini ghorofa nzima, na ukumbi wote ukasikia.

Na hapo tena nani angejizuia? "Karibu," akasema aliye kando yangu. "Karibu," wakasema wa mbele yetu, na mwenye sufuria, na mkewe, na mimi, safu zile za nyuma zote kwa pamoja. Watu wa viti vya mbele waligeuka kututazama. Mmoja alitufanyia ishara ya kidole midomoni. Kimya cha mwongozaji kilikwisha pale pale, tukakiua sote.

Jukwaani mjane alikuwa ameinua uso, amepigwa na butwaa. Dadangu alisimama na sahani yake. Alipaswa kugeuka aende. Aligeuka, lakini hakwenda. Aligeukia kwetu, kwenye lile giza ambalo haoni mtu, akaweka mkono kifuani.

"Starehe," akasema.

Ndipo akaondoka. Watu walipiga makofi, hata wale wa mbele, nadhani walifikiri ndivyo mchezo ulivyoandikwa. Mama aliniuliza kwa nini dadangu hapandi. Nikamwambia atakuja, na machozi yalikuwa yakinitoka bila mpango.

Nilisikia baadaye kwamba mwongozaji alimgombeza dadangu, akamwambia awaonye watu wake. Naye akamjibu kwamba hilo haliwezekani, labda hodi hiyo akaichezeshe nchi nyengine. Kuhusu tikiti za simu na nambari za viti, hayo yaliendelea, na sisi tumejifunza kukata mapema. Kwenye kundi hakuna aliyeutaja tena mgomo.

Siku ya pili ya onyesho lile, baada ya alasiri, nilikuwa jikoni nachovya viazi kwenye unga. Mama yuko kitini pake karibu na ngazi. Viatu vilisimama chini, kisha hodi ikaja, moja, ya kawaida. Nilimwona mama akivuta pumzi. Nilitoka mbio na unga wangu mikononi, nikamtangulia kuitikia.