Salamu Kwanza, Maji Baadaye

Pale Tunduma, nyuma ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, kuna kioski cha maji ambacho kila mtu anakiita "kwa Ketrina". Ukifika pale na dumu lako bila salamu, utapata lugha ya kukutosha wiki nzima. Ketrina ni mama wa miaka hamsini na mbili, mwembamba, mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka kilima cha pili, na bomba lile amelishika mwaka wa kumi na moja sasa. Sheria yake aliiandika kwa mkaa juu ya dirisha: SALAMU KWANZA, MAJI BAADAYE.

Hakuiandika bure. Mji huu umeharibika midomo, na mimi siwezi kumbishia. Madereva wanatukanana matusi ya nguoni mbele ya watoto wa shule, vijana wanawapiga vikumbo wazee, muuza duka anakutupia sabuni yako huku macho yake yako kwenye simu. "Kwetu Mbebe," Ketrina huanza, na foleni nzima humalizia kwa kelele, "hata mbuzi hubisha hodi!" Wanamcheka, lakini wanamsalimia. Hata mama mmoja Mzambia anayekuja na ndoo zake kutoka ng'ambo humwamkia kwa Kibemba, "Mwashibukeni mukwai," na kuinama kidogo, na siku hiyo Ketrina humjazia mpaka maji yafurike.

Lakini nisimpambe mno. Mwezi mmoja kabla ya siku ninayotaka kuisimulia, mama yake mzazi, bibi Roda, alimpigia simu kutoka Mbebe, huko milimani Ileje, wakati foleni imefika barabarani. Bibi akaanza kama anavyoanza siku zote: hujambo mwanangu, wajukuu hawajambo, majirani je, kuku wale wa kienyeji walitaga? Ketrina, dumu mkono huu na simu mkono ule, akatamka neno ambalo angelisikia kwa mteja angemfukuza mchana kweupe.

"Mama, sina muda wa salamu. Sema shida yako."

Maji yalikuwa yanamwagika, naye akakata.

Tangu siku ile bibi Roda hakushika simu tena. Hata alipougua kifua na kulazwa ndani, Zebedayo, kaka yake Ketrina, akimpelekea simu kitandani, bibi aligeukia ukutani. "Yule hana muda," alisema. Ketrina alilia aliposimuliwa, maana alijua kosa la namna hiyo haliondolewi kwa simu. Kwao, mtoto aliyemkosea mzazi huenda mwenyewe na kupiga magoti. Mzazi akiwa ameridhika hupiga funda la maji na kumpulizia kifuani, na hapo neno linakwisha. Mzazi akifa kabla ya kupuliza, mtoto hubaki nalo mpaka naye azikwe.

Akapanga kwenda Jumapili. Zebedayo akamwahidi kwamba hali ikibadilika kabla ya hapo atampigia. Jumatano simu ya Ketrina ikatumbukia kwenye pipa la maji, ikafa palepale. Watu walicheka sana, simu ya muuza maji kufa maji, naye akacheka nao. Ni siku nne tu, alijiambia.

Ijumaa ndiyo siku yenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha, na maji ya mgao yalikuwa yanakatwa saa nne asubuhi. Foleni ilikuwa ndefu na yenye hasira. Wanawake wawili walikuwa wameshapigana kwa vifuniko vya ndoo. Kijana wa bodaboda alitupa dumu lake dirishani akisema, "Oya maza, jaza fasta," Ketrina akalirusha nje likabingirika mpaka mtaroni. Damu ilikuwa inamchemka, na saa moja na nusu ilikuwa haijatimia.

Ndipo akaja mtu mzima, amevaa koti la mvua, matope mpaka magotini. Aliipita foleni yote, watu wakipiga kelele, akafika dirishani. Hakusema shikamoo wala habari. Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili kifuani, akasimama kimya.

Hapa ngoja niseme jambo ambalo Ketrina alilijua kabla hajaota meno ya utu uzima. Huko kwao, mtu aliyebeba habari nzito hasalimii. Atamwambiaje mwenzake "habari za asubuhi" wakati habari anazo yeye, na si njema? Huvua kofia, husimama mbele ya anayepelekewa habari, na hungoja aulizwe: kuna nini? Mtoto wa Mbebe wa miaka saba anaijua adabu hii. Ketrina alikuwa na miaka thelathini mjini, na pua yake ilikuwa inanusa utovu wa adabu tu.

"Wewe!" alifoka. "Hao waliopanga mstari ni magogo? Mvi zote hizo hukufundishwa kusalimia?"

"Mama, mimi nimetoka..."

"Umetoka wapi nisipopajua? Nyuma! Panga mstari, na ukifika hapa unasalimia kama watu, usije ukanisimamia kama mlingoti!"

Foleni ikashangilia. Yule mtu aliangalia nyuso zile zote zilizokuwa zinacheka. Habari ile haikuwa ya kupigiwa kelele mbele ya umati, na aliyetumwa hawezi kuitema njiani. Akageuka, akaenda mwisho wa mstari.

Mstari ukatambaa. Dumu, ndoo, dumu. Ketrina alimtupia jicho mara kwa mara, akafurahi kumwona amesimama kwa utulivu. Wakifundishwa wanafundishika, aliwaza. Saa mbili na robo honi ya gari ikalia kutoka barabarani, mara tatu. Yule mtu akachungulia upande ule, akatoka kwenye mstari hatua mbili kuja mbele.

"Nimesema foleni!" Ketrina akapaza sauti.

Akarudi nafasi yake. Honi ikalia tena, ndefu, kisha canta moja yenye turubai la bluu ikaondoka kuelekea Mpemba ikirusha matope. Mtu yule aliifuata kwa macho mpaka ikapotea. Ketrina aliona anafuta uso kwa kofia, akadhani ni jasho.

Irene, binti wa jirani ambaye humsaidia siku za mgao, akamvuta kanga. "Mama Ketrina, yule mzee mbona hana ndoo?"

Ketrina akanyanyua macho. Walikuwa wamebaki watu sita. Akamtazama tena, safari hii kuanzia chini: matope mekundu, yale ya milimani, si haya meusi ya Tunduma. Mikono mitupu. Kofia kifuani, na muda wote ule wa kusimama haikuwa imerudi kichwani. Dumu likamponyoka.

Hakumbuki alitokaje kwenye kioski. Alijikuta mbele ya yule mtu, na neno lililotakiwa saa moja na nusu likamtoka saa tatu kasoro.

"Kuna nini?"

"Mimi naitwa Yonathani, nimehamia jirani na kwenu mwaka juzi," alisema taratibu, kama mtu anayetua mzigo. "Zebedayo amekupigia sana, hupatikani. Bibi alizidiwa usiku. Alfajiri ameomba kikombe cha maji. Si cha kunywa. Amesema, mleteni Ketrina. Nimekuja na canta ya kabichi, ilikuwa inarudi saa mbili na robo. Nilidhani nitawahi kufika dirishani."

"Kwa nini hukunilazimisha? Kwa nini hukupiga kelele?"

Yonathani akamwangalia kwa huruma, na huruma ile ilimuuma kuliko tusi. "Mama, ulikuwa hujaniuliza."

Alimwachia Irene funguo, bomba likiwa bado linamwaga. Wakachukua bodaboda mbili. Kijana aliyembeba Ketrina alikuwa yuleyule wa dumu la mtaroni, naye alimpa koti lake. Mpaka Isongole lami iliwabeba vizuri, lakini baada ya hapo ulikuwa utelezi mtupu. Pikipiki ilianguka mara mbili. Mara ya pili Ketrina alitembea, akakimbia, akapoteza kiatu kimoja, akasali kwa sauti akimwomba Mungu saa moja tu, hiyohiyo aliyoipoteza dirishani.

Alifika saa saba mchana. Jua lilikuwa limetoka, na uani kwao watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine. Aliwajua wote. Shangazi zake walikuwepo, na mama mchungaji, na wanawake aliochota nao maji mtoni walipokuwa wasichana. Akasimama mlangoni mwa ua akiwa na kiatu kimoja.

"Shikamooni," alisema.

Hakuna aliyemwitikia.

Zebedayo akainuka kutoka upande wa wanaume. Akavua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili, akasimama mbele ya dada yake, akangoja. Ketrina akatikisa kichwa. Hakutaka kuuliza. Alijua kwamba asipouliza, hakuna atakayesema, na kwa dakika hizo chache bado ana mama.

"Kuna nini, kaka?" akauliza mwishowe.

"Ametuacha saa sita," alisema Zebedayo. "Alikataa tumpokee kikombe. Kila mlango ulipolia alipiga funda la maji, akangoja uingie. Akiona si wewe, anayarudisha."

Akamwongoza ndani. Kikombe kilikuwa juu ya kigoda kando ya kitanda, na maji yalikuwa bado yamejaa.