Bonge la Udongo la Bwana Dungal

Bwana Dungal wa Stratharran, aliyetiisha mabonde yote hadi baharini, nilimnyonyesha mimi. Watu wakimsimulia huanzia kwenye ngome na vita. Mimi naanzia kwenye kikohozi. Aliletwa kwangu hajaota meno, kama watoto wa wakubwa wanavyoletwa kwa walezi, akalala na mwanangu Donnan chini ya blanketi moja, wakala uji wa shayiri bakuli moja, wakachunga ng'ombe wangu na kuchapwa fimbo moja kwa kosa moja.

Alipochukuliwa akawe bwana, Donnan alimfuata. Dungal akajenga ngome ya mawe, akaoa mke wa lugha ya ng'ambo, akanyonga wezi wa ng'ombe, na wengine hawakuwa wezi. Nilimwambia. Akacheka. Kisha kwenye kivuko cha mto Orran, Donnan akaupokea kifuani mkuki uliorushwa kwa Dungal. Maiti aliniletea mwenyewe, kwa miguu, akaahidi kwamba malisho ninayochungia hayatanitoka.

Miaka ikaenda, akaanza kutema damu, akaiogopa Jehanamu. Watawa wakamwambia akiwapa malisho yale watamwombea mpaka kiama. Na ardhi haihami kwa maneno matupu. Mwenye ardhi husimama juu yake, akakata bonge la udongo lenye nyasi, akamkabidhi anayepokea mbele ya mashahidi. Basi asubuhi moja Dungal na watawa wakaja na jembe lao, wamependeza. Nikaketi pale pale walipotaka kukata.

"Bibi, inuka," msimamizi wa Dungal akasema.

"Mimi nimekaa kwangu. Wewe ndiye uliyesimama kwa watu."

"Bwana anangoja."

"Na angoje. Mimi nilimngoja aache kukojoa kitandani, na alichelewa kweli."

Mashahidi wakatazama viatu vyao. Dungal akashuka kwenye farasi taratibu, akaketi kando yangu kwenye umande.

"Mama, unaniaibisha mbele ya wageni."

"Wageni umekuja nao mwenyewe."

"Nakufa, mama. Nani ataniombea?"

"Aliyekuombea ulipokuwa na kikohozi."

"Ulikuwa peke yako."

"Na ulipona."

Mkuu wa watawa akasema, "Bwana, jua linapanda." Dungal akanyoosha mkono apewe jembe. Nilidhani ananitaka nisogee, nikazidi kujikita. Akakata karibu na goti langu, akihema, akaliweka bonge mapajani mwangu na mizizi yake na nyungunyungu wake, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba malisho haya ni ya mama yake mlezi, Bethoc, na ukoo wangu, kwa damu ya Donnan.

"Na sisi, bwana?" mkuu wa watawa akauliza.

"Nyinyi mtachukua kinamasi cha ng'ambo ya mto."

Walikichukua, wakamwombea kadiri ya kinamasi.

Hakuiona theluji ya mwaka ule. Wanaosema alikuwa mkatili hawasemi uongo, lakini nawauliza ni nani mwingine mwenye ngome aliyewahi kuketi kwenye majani mabichi kwa ajili ya mwanamke mzee. Sala ninayoijua ni moja, na maneno mengine nayaruka. Huisali kila jioni nikimaliza kukamua. Naanza na Donnan, halafu yeye, kwa kuwa Donnan ndiye mkubwa.