Gari Lisilo na Mlango wa Nyuma

Mama Amélie alinikasirisha wiki tatu nzima, na sioni haya kusema hivyo. Alikuja karakana yangu, mtaani Buyenzi, kila Alhamisi, siku yake ya mapumziko, akakagua magari yangu, akayakataa, akaenda zake. Angekuwa mtu mwingine ningemfukuza siku ya pili. Mimi si mtu wa subira. Mke wangu Tahani husema nilinyweshwa pilipili kabla ya maziwa.

Lakini huyu sikuweza kumfukuza. Jina lake ni Adélaïde, mkunga wa kituo kimoja cha afya huko Mutakura, na ndiye aliyempokea mwanangu Muadh. Ilikuwa Oktoba ya mwaka tisini na tatu, wiki ile risasi zilipoanza na kila mtu akajifungia kwake. Tahani alishikwa na uchungu mchana, barabarani hakuna gari hata moja, na mwanamke huyu akaja kwa miguu, akapita mitaa ambayo wanaume wenye ndevu zao hawakuthubutu kuchungulia. Alipomaliza alinawa mikono, akala tende tatu, akarudi alikotoka. Mutakura kuna mamia ya watoto waliopita katika mikono ile, na hakuuliza kabila la hata mmoja kabla ya kumvuta.

Sasa, Agosti ya mwaka tisini na nane, alikuwa anatafuta gari la kumpeleka kazini na kumrudisha. Nyumba yake iko Kanyosha, kusini kabisa. Kazi iko kaskazini kabisa. Katikati kuna mji mzima na vizuizi vinne, hapo siku ikiwa nzuri. Haja yake niliielewa. Niliielewa pia pesa yake, ambayo haikuwa nyingi, maana ilitoka kwenye kiwanja kidogo alichorithi. Wakati ule wa vikwazo vya biashara hakuna gari lililokuwa likiingia nchini, kwa hiyo sisi madalali tuliuza yale yaliyoachwa na wageni waliokimbia. Yote hayo niliyaelewa. Nilichoshindwa kuelewa ni gari lenyewe alilolitaka.

“Mi nataka kagari ka milango mibili,” aliniambia siku ya kwanza. “Kenye nguvu. Nikikanyaga, kaende.”

“Unasema coupé?”

“Ego, ndiyo. Coupé.”

Nilicheka. Magari ya namna hiyo tulizoea kuyaona yakiteremka kutoka Kiriri, watoto wa wakubwa wakiyaendesha kwa mkono mmoja na muziki umefunguliwa mpaka mwisho. Mkunga wa miaka arobaini na tatu, mke wa mtu, mwenye binti wa shule, huyo Amélie, alitaka kufanya nini na gari la mbio? Nikampeleka kwenye Toyota moja nyeupe ya milango minne iliyoachwa na padre. Injini yake ilikuwa safi, haikuwa na tamaa ya mafuta, na spea zake ungezikuta hata kwa muuza nyanya.

Hapo akafanya jambo lililonishangaza. Hakukaa kwenye usukani. Hakutaka nifungue boneti, wala hakuuliza inakunywa kiasi gani, na petroli siku hizo ilikuwa inauzwa kwa chupa kama mafuta ya mawese. Aliingia kiti cha nyuma, akafunga mlango, akabonyeza kufuli, akaniangalia.

“Fungua,” akasema.

Kioo cha mlango wa mbele kilikuwa kimeshushwa. Nikaingiza mkono, nikanyanyua kile kipini cha kufuli, nikafungua mlango wa nyuma. Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya.

“Apana,” akasema, na kushuka. “Hii si yangu.”

Alhamisi ya pili nikampa Peugeot, nayo ya milango minne, na safari hii vioo vyote nilikuwa nimevipandisha kwa makusudi. Akaingia nyuma tena, akajifungia tena. Nikasimama nje kama mjinga, sina pa kushika. Nikadhani nimeuza. Akashusha kioo kidogo.

“Monsieur Amur, ukivunja kakioo ka hapa, mkono inafika kwa kufuli?”

“Inafika. Lakini nani anavunja kioo ya gari yake?”

“Kama inafika, apana.”

Akachukua mkoba wake akaenda. Jirani yangu Massoudi, anayeuza spea upande wa pili wa uzio, alikuwa amesimama anasikiliza kila kitu, kama kawaida yake. Akaniambia mama huyo anatafuta ujana, sio gari, na kwamba nimtafutie pia miwani ya jua. Nilicheka naye. Hicho kicheko kinaniuma mpaka leo.

Nilipofika nyumbani nilimlalamikia Tahani tangu maji ya kunawa mpaka chai. Nikasema sikio la kufa halisikii dawa, mwanamke anakataa magari mazuri mawili kwa sababu ya vipini vya kufuli. Tahani akanijibu kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kama ninataka kujua, nimwulize badala ya kumpigia kelele yeye. Nikakasirika zaidi, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Coupé nilikuwa nayo, na sikutaka kumwonyesha. Ilikuwa nyekundu, imelala chini ya turubai tangu mwaka uliopita, ya mwalimu mmoja Mbelgiji aliyeondoka na sanduku moja tu. Ilikuwa rahisi kuliko zote mbili nilizompa, kwa sababu hakuna aliyeitaka: inakunywa sana, iko chini mno, kiti cha nyuma ni chembamba, na rangi yake inaonekana kutoka Uvira, ng’ambo ya ziwa. Lakini injini ilikuwa nzima. Alhamisi ya tatu nikatoa turubai kwa hasira, nikamwambia yote hayo kabla hajaigusa. Nikamwambia barabara ya Kanyosha itaikwaruza tumbo. Nikamwambia atapanga foleni ya petroli mpaka nywele zibadilike rangi.

 Alikunja kiti cha mbele, akajipenyeza nyuma, akakirudisha kiti mahali pake. Hakukuwa na mlango ubavuni mwake, bati tupu, na kidirisha kisichofunguka. Nikaona mabega yake yakishuka. Kwa wiki tatu sikuwa nimemwona ameshusha mabega.

“Sasa unitoe,” akasema.

Nikafungua mlango wa mbele, nikavuta mkono ule wa pembeni unaokunjia kiti. Kiti kikaanguka mbele, na yeye huyo, mzima mzima mbele yangu. Sura yake ikabadilika kana kwamba nimempiga kofi.

“Kumbe hako kakitu kanafungukia na huku inje?”

Damu ikanichemka. “Kama haifunguke, mutu wa nyuma atatokea wapi? Kwa paa? Mama Amélie, mi nakuheshimu, wallahi nakuheshimu, lakini umenichosha. Sema unataka kubeba nini humo nyuma.”

“Nataka kubeba bwana yangu,” akasema. Alikuwa amekasirika kuliko mimi, ila hasira yake ilikuwa imefungwa vizuri. “Unafikiri napenda rangi nyekundu?”

Akanieleza hapo hapo, akiwa bado amekaa nyuma, magoti yamebanwa. Mume wake Népomuscène ni mtu wa maabara katika kituo kile kile cha Mutakura. Mwaka tisini na tano, mwezi wa tatu, alikuwa anarudi nyumbani kwa teksi pamoja na mdogo wake Pontien. Nyuma walikaa watatu: mama mmoja na kikapu chake, Népomuscène katikati, Pontien karibu na mlango. Vijana wakaweka mawe barabarani. Siku hizo vijana wa mitaa walisimamisha magari na kuchagua watu kwa sura zao, pua hii ipite, pua ile ishuke. Hao hawakuuliza hata kitambulisho. Walifungua mlango wa nyuma wakamvuta aliye karibu. Dereva akakanyaga mafuta na mlango ukiwa wazi, na Népomuscène akafika Kanyosha na mkono wa shati la mdogo wake.

“Kama yeye ndiye alikaa kwa mlango, Pontien ndiye angefika,” Adélaïde akasema. “Anajua hivyo. Miaka mitatu hajavuka mto kuja mjini. Basi iko na mlango. Teksi iko na mlango. Analima mihogo nyuma ya nyumba, mutu aliyesoma damu. Na kwa kazi bamemwandikia: tarehe moja ya Septemba arudi, ama nafasi iende kwa mwingine. Mi, sura yangu inapita. Ya kwake haipite. Nitaendesha, yeye atakaa nyuma.”

Nikatafuta la kusema nikapata la kipumbavu. “Watavunja kioo.”

“Bavunje. Kuvunja inachukua muda. Mlango haichukue muda. Mi naomba muda tu, ya kukanyaga.”

Basi nilijisikia aibu, na aibu kwangu hutoka kwa mlango mmoja na hasira. Niliwakasirikia vijana wale ambao pengine mmoja wao nilimkaribisha chai hapa karakana. Niliikasirikia nchi ambayo mkunga anapima gari kwa kukaa kiti cha nyuma na kusema nitoe. Niliukasirikia mdomo wangu uliocheka. Massoudi akachungulia juu ya uzio akauliza kama mama ameshapata miwani yake. Nikamrushia spana. Haikumpata, na sikujuta isipokuwa hilo.

Nilifanya kazi siku tatu. Kiti cha dereva nilikikaza kwa bolti kisikunjike tena kamwe. Kile cha abiria nilikitoa chote, nikakata mkono wa pembeni, nikaziba tundu lake, nikakirudisha mahali pake. Kisha nikachukua waya wa breki ya baiskeli, nikaufunga kwenye ulimi wa kufuli ya kiti, nikaupitisha chini mpaka nyuma, mahali mguu wa kulia wa mtu aliyekaa unapofika, nikaumalizia na kishikio cha mbao. Aliye nyuma akivuta, kiti kinakunjika. Aliye nje hana cha kuvuta. Nikaongeza na springi ndefu ili gari lisikwaruze, na hiyo sikumwambia.

Jumatatu, tarehe thelathini na moja, nikalipeleka mwenyewe Kanyosha. Watoto walilikimbilia. Népomuscène alitoka nyuma ya nyumba, mrefu, mwembamba, udongo wa mihogo kwenye viatu, lakini juu amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Tulisalimiana amahoro, yaani amani, tukaulizana habari za watoto. Nikamwonyesha kishikio. Akaingia nyuma, akajifungia ndani kwa kiti, akavuta, kikafunguka, akakirudisha. Alifanya hivyo mara tano. Kila mara nilisikia kufuli ikilia.

“Sasa vuta,” Adélaïde akaniambia.

“Nivute nini?”

“Kiti. Fungua mlango, umutoe.”

Nikafungua mlango wa mbele, nikakishika kiti nikakitikisa kidogo, kwa adabu.

“Apana. Si hivyo. Vuta kama bale.”

Nikamwambia sitaki. Mimi ni mfanyabiashara, baba yangu aliuza vitambaa katika mji huu, na sijawahi kumvuta mtu kutoka kwenye gari, na asinifanye mmoja wao mbele ya watoto.  Sauti ikatoka ndani, ya taratibu.

“Vuta, Monsieur Amur. Nikuombe. Mi nataka kujua.”

Nikavuta. Astaghfirullah, nilivuta. Niliweka mguu kwenye kizingiti cha gari nikakivuta kile kiti kwa mikono miwili, nikakisukuma kwa bega, nikakipiga kwa goti, nikitukana kwa Kiswahili na Kiarabu, na hasira yote ya wiki tatu, na ya miaka mitano, ikaingia mikononi. Kiti hakikukunjika. Nikapitisha mkono juu yake nikamshika Népomuscène kifuani nikamvuta kwa shati. Mkono uliingia lakini mtu hakutoka. Nilimsikia anapumua kwa nguvu, ila hakupiga kelele. Alikuwa ameweka kiganja kwenye lile bati la ubavuni, anapapasa pale ambapo mlango ungekuwa.

“Arobaini,” Adélaïde akasema. Kumbe alikuwa anahesabu. “Nimefika arobaini, na bado. Kwa mbili tu mi nakuwa nimeshakanyaga. Inatosha.”

Nikaacha. Nilikuwa nimelowa jasho na sikutaka mtu yeyote aniangalie. Ndani ya gari kishikio kikavutwa, kufuli ikalia, kiti kikakunjika, na Népomuscène akatoka mwenyewe. Shati lake lilikuwa wazi kifuani. Akanyoosha mkono kwangu, nikadhani anataka kunishukuru, nikaanza kusema haina haja. Hakuwa anashukuru. Aliangalia ngumi yangu, ambayo bado nilikuwa nimeifumba.

“Nipe kifungo yangu,” akasema. “Kesho niko na kazi.”