Motokaa Nyeupe ya Ndugu Meneja

Mume wangu wa pili alipandishwa cheo akawa meneja wa mkoa wa shirika la umma lililonunua mazao ya wakulima, na jambo la kwanza lililomkosesha raha halikuwa mazao wala wakulima. Lilikuwa motokaa.

Ilikuwa miaka ya Azimio na vijiji vya ujamaa. Mchana alisimama mbele ya watu, kavaa suti yake ya mikono mifupi yenye mifuko minne, akawaeleza jinsi wanyonyaji walivyotukalia shingoni. Jioni alirudi nyumbani kwetu Kanyenye, mjini Tabora, akavua viatu, akalala chali kitandani na kitabu cha picha za magari alicholetewa na rafiki yake kutoka Dar es Salaam. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilikaa mezani nikisahihisha madaftari, na yeye alinisomea kwa sauti habari za viti vinavyolala na taa zenye vifuniko vya fedha. Alisoma polepole, kwa heshima, kama padri anavyosoma Injili pale seminari ya Kipalapala, ambako baba yangu alikuwa akipeleka mchicha na nyanya nilipokuwa mtoto. Ukurasa wenye gari alilolipenda aliukunja pembe. Baadaye kitabu kizima kilikuwa na pembe zilizokunjwa.

Gari la shirika lilikuwapo. Lilikuwa la kijani, refu, lina turubai nyuma, na lilifika kila mahali, masika na kiangazi. Yeye aliliita gari la kubebea mbuzi. Alisema meneja akishuka kwenye gari kama lile, wakulima hawataona tofauti kati yake na karani wa ghala. Mimi sikuona kwa nini waione, lakini hakuniuliza.

Makao makuu wakamkubalia gari dogo la saluni. Angechagua mwenyewe: achukue lililotumika kama lingepatikana hapa hapa mkoani, au angoje jipya liagizwe kutoka nje. Kuanzia siku hiyo nyumba yetu haikuzungumza kitu kingine.

Lililotumika lilipatikana kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa na shamba la tumbaku upande wa magharibi, na sasa alikuwa akifunga mizigo arudi kwao. Jumamosi moja tulikwenda kuliona. Mgiriki alitufungulia banda, na ndani mlikuwa na motokaa ya Kijerumani ya buluu iliyokolea, viti vya ngozi, usukani mweupe kama pembe. Iling'aa kuliko sakafu ya nyumba yangu. Nyuma ya banda hilo zilionekana nyumba za vibarua wake, vibanda vya udongo ambavyo mtu mzima huingia kwa kuinama. Kwa hiyo nilimdharau Mgiriki naye, nisijifanye kwamba siku ile dharau yangu yote ilimwangukia mume wangu.

Mgiriki aliwasha injini. Ilinguruma kwa upole. Mume wangu akaizunguka motokaa, akapiga teke tairi, akafungua mlango, akaingiza kichwa na kunusa kiti. Ndiyo, alinusa, kisha akanusa tena upande wa pili.

"Ina harufu ya sigara," akasema.

"Kama iko mbaya ningekuambia," Mgiriki alijibu kwa Kiswahili chake cha shamba, "lakini mbaya hakuna. Sigara tu. Mimi navuta."

Mume wangu alinivuta pembeni, karibu na pipa la maji. Uso wake ulikuwa mzito kama wa mtu anayetaka kutoa habari ya msiba.

"Mwalimu," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita, "injini sina neno nayo. Lakini mimi siwezi kuchukua mabaki ya mtu. Kitu kikishapitia mikononi mwa mwanamume mwingine, hata ukioshe vipi, alama yake haitoki."

Nilimtazama. Mume wangu wa kwanza alikuwa fundi wa reli, na alikufa kwa homa tukiwa bado vijana. Huyu aliyesimama mbele yangu alinioa mjane, akijua.

"Na mimi je?" nikamwuliza.

Alipepesa macho. Niliona dhahiri kwamba hakuwa amefikiri upande huo hata kidogo. Kisha akapata jibu, na likampendeza.

"Ah, wewe ni jambo jingine," akasema. "Wewe huonekani barabarani."

Akarudi kwa Mgiriki kumwambia kwamba serikali ya wakulima na wafanyakazi haiwezi kununua kiti cha bepari. Mgiriki akazima injini na kufunga banda. Njiani kurudi mume wangu alizungumza sana, na mimi nilitazama miti ya miombo hadi tukafika mjini.

Basi, gari jipya likaagizwa. Lilikuwa la Kifaransa, jeupe, na lilikuja kwa treni, kwa sababu hakutaka liguse vumbi la barabara kabla yeye hajaligusa. Siku ya kufika alikwenda stesheni ya Tabora na tai shingoni. Nilimfuata kwa sababu shule ilikuwa imefungwa na nilitaka kuona. Katika behewa la wazi, kati ya magunia ya saruji, lilifungwa kwa kamba na kufunikwa maturubai mawili. Karani wa ghala la shirika alikuwa pale pia. Alikuwa akingoja matairi ya malori, kwa sababu malori yetu mawili yalikuwa yamekalia magogo na tumbaku ya wakulima ilikuwa ikioza kwenye mabanda huko vijijini.

"Ndugu Meneja," karani akasema baada ya kutazama behewa lote, "matairi hayamo."

"Nafasi ilikuwa ndogo," mume wangu akajibu bila kugeuka. "Yatakuja safari nyingine. Shika kamba hiyo, taratibu, usikwaruze rangi."

Karani akashika kamba.

Viti vilikuwa vimefunikwa plastiki kutoka kiwandani, na mume wangu hakuiondoa. Katika joto la Tabora ulikaa juu ya plastiki ile ukashikamana nayo, na ukiinuka ilitoa sauti ya aibu. Wageni wake, wakubwa wenzake wa mkoa, walikaa humo wakitokwa jasho na kusifu. Nao kila mmoja alikuwa na lake alilokuwa akilitamani. Walikuja nyumbani Jumapili, nikawapikia wali na kuku, na watu wazima wale, wenye dhamana ya shule na maji na mashamba, walikaa mpaka jioni wakibishana kama klachi ya Mjerumani ni laini kuliko ya Mfaransa. Hakuna hata mmoja wao aliyetaja tumbaku.

Dereva wa shirika hakuruhusiwa kuligusa gari lile. Mume wangu aliliendesha mwenyewe, na aliendesha vibaya, kwa mwendo wa harusi, akisimama kabla ya kila shimo kama anayeliomba ruhusa.

Kiangazi kilichofuata ikaja zamu ya kijiji alichozaliwa, mbele kidogo ya Igalula, watu wake wahamie kwenye kijiji cha ujamaa. Alitumwa kwenda kuwahutubia kwa kuwa ni mtoto wa pale. Nilikwenda naye ili nimsalimie mama yake. Barabara ya upande ule inafuata njia ya misafara ya zamani, ile ambayo Wanyamwezi walipita na pembe za ndovu mabegani kwenda pwani. Sisi tulipita tukiwa tumefunga vioo vyote, vumbi lisiingie.

Mkutano ulifanyika. Aliwaambia watu wasishikamane na mali za binafsi. Wakapiga makofi wakitazama motokaa. Mimi nilikwenda nyumbani kwa mama mkwe wangu, nikamkuta amekaa kwenye kigoda ndani, mguu mmoja ameunyoosha mbele, umefungwa majani na kitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usiangalie huku, kunanuka."

Nilifungua kitambaa. Kidonda kilikuwa kimekula kifundo cha mguu hadi karibu na goti, na mguu mzima ulikuwa wa moto. Nikamwuliza kwa nini hakutuma habari. Akasema alituma mara mbili kwa watu waliokwenda mjini, na mwanawe akajibu kwamba atakuja gari likifika. Mimi habari hizo sikuwa nimeambiwa.

Nilitoka nikamwendea mume wangu katikati ya watu wanaompa mkono. "Mama anakwenda hospitali sasa hivi," nikamwambia. "Na sisi ndio tunaompeleka."

Alikuja, akachungulia mlangoni, akaona mguu. Nitamtendea haki: alihuzunika. Lakini machoni mwake niliona huzuni ikishindana na kitu kingine, na kile kingine kikashinda. Akatoka. Aliporudi alikuwa na magunia matatu ya katani na turubai la kuanikia mpunga. Aliyatandika kwenye kiti cha nyuma, juu ya plastiki, akayachomeka pembeni kwa uangalifu ambao sijawahi kumwona akiutia katika kazi nyingine yoyote. Tulimbeba mama, tukamwingiza.

"Mama, mguu uweke sakafuni," akamwambia. "Usiuegemeze mlangoni."

Mama mkwe wangu akaushusha mguu kwa mikono miwili. Tukaondoka. Harufu ya kidonda ilikuwapo, siwezi kusema haikuwapo. Mume wangu akafungua vioo vyote vinne, vioo vile vile alivyovifunga asubuhi, na vumbi likaingia likatukalia sote. Kila mara gari lilipotikisika alitazama nyuma, na hakuwa akimtazama mama yake usoni. Alitazama chini, kwenye magunia.

Karibu na stesheni ya Igalula alisimamisha gari. Alizunguka, akafungua mlango wa nyuma, akainama. Tone la usaha lilikuwa limepita kwenye gunia likagusa plastiki. Akatoa leso mfukoni, akaanza kupangusa, huku mguu wa mama yake uko pale pale kando ya mkono wake.

"Mama, si nilikuambia," akasema kwa sauti ya chini. "Kitu hiki ni cha umma."

Mama mkwe wangu alimtazama mpaka akamaliza kupangusa.

"Mkwe wangu," akaniambia mimi, "nipe mkono nishuke."

"Mama, kaa. Mji hauko mbali," mume wangu akasema.

"Babu yako alikwenda pwani kwa miguu na mzigo begani, akarudi. Mimi kutoka hapa hadi stesheni sitakufa. Kaa na umma wako."

Nilimshusha. Aliniegemea, mwepesi kama mtoto, tukaenda hatua kwa hatua hadi stesheni, tukaketi kivulini ukutani. Mume wangu alisimama kando ya motokaa na leso mkononi. Nilingoja aje. Nilidhani hata mtu wa aina ile, akimwona mama yake ameketi chini kati ya matenga ya kuku na wachuuzi wa karanga, atakuja. Aliita mara moja, "Mwalimu!" kwa ukali, kwa sababu watu walikuwa wameanza kutazama. Sikuinuka. Basi akakusanya magunia, akayakunja, akayatia kwenye buti, akaingia, akaondoka kwa mwendo wake ule wa harusi.

Treni ilikuja jua likiwa limeinama. Abiria wa daraja la tatu walisogeana wakatuachia benchi zima ili mama anyooshe mguu. Mwanamke mmoja alivua khanga yake ya pili akamkunjia chini ya kisigino. Hakuna aliyeshika pua.

Mama mkwe wangu alilazwa muda mrefu. Daktari alisema tungechelewa kidogo wangeukata mguu. Mume wangu alikuja kumwona akiwa na machungwa, akakaa kwenye ukingo wa kiti karibu na dirisha, na kila baada ya maneno mawili alichungulia nje kuwakemea watoto waliokuwa wakijitazama kwenye milango ya motokaa. Mama alimshukuru kwa machungwa. Mwanawe alipoondoka, mama aliyagawa kwa wagonjwa wenzake, yote.

Alipotoka hospitali nilimleta Kanyenye, nikampa chumba cha mbele. Mume wangu hakupinga. Alikuwa ameshughulika, maana masika yalianza na motokaa ilikuwa haiwezi kutoka mjini bila kuzama, na baadaye ikavunjika kitu fulani chini ambacho spea yake haikupatikana nchi nzima. Aliiweka uani ikiwa na turubai. Kila asubuhi aliifunua, akaipangusa, akaketi ndani yake kidogo na mikono kwenye usukani, kisha akaenda kazini kwa miguu. Majirani walikuwa wakimwamkia kupitia uwazi wa ua, "Ndugu Meneja, umerudi salama?" Hakutambua kwamba wanamcheka. Alidhani ni heshima.

Mwishowe akahamishiwa mkoa mwingine. Aliniambia nifungashe. Nilimwambia mama yake hawezi safari, na mimi nina darasa la kumaliza.

"Utakuja lini?"

"Sijui."

"Mke wa meneja hawezi kukaa peke yake Kanyenye, watu watasema."

"Sikai peke yangu," nilimjibu.

Aliandika mara chache, zaidi kuuliza kama kuna mtu anayeipangusa motokaa. Shirika lilikuja kuikokota kwa trekta. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa barazani akichambua maharage, na walipomwomba asogeze ungo wake ili wapite, aliusogeza bila kuinua macho. Mahali ilipokuwa imesimama pakabaki udongo mweusi wa oili. Tulipalima, tukapanda matembele. Aliishi nami miaka mingi, akitembea kwa fimbo, akinikosoa ugali wangu kwamba mlaini mno kama wa watu wa mjini, na alipofariki niliomboleza kama nilivyoomboleza kwa mama aliyenizaa.

Mume wangu alikuja mazishini kwa basi, amechelewa, suti yake imefifia mabegani. Nilimpa maji ya kunawa na chakula kama mgeni mwingine yeyote. Alikula, akaniuliza kama bado nafundisha, nikamwambia ndiyo. Kisha akauliza basi la kurudi linaondoka saa ngapi.