Jezi ya Brazil Iliyoniponza Ukweni

Nalisimulia hili kwa sababu mtaa wetu wote wa Yeoville wameshalisikia, na kila anayelipeleka mbele ananiongezea chumvi yake, basi bora mlisikie kwangu mimi niliyeaibika.

Ilikuwa mwaka mmoja baada ya Kombe la Dunia kuchezwa hapa Joburg. Nilikuwa nanyoa kwenye saluni moja Yeoville, na upande wa pili wa pazia alikuwa anasuka Esperansi, dada Mrundi kama mimi, ambaye baada ya kunizungusha weee alikubali niende kwao Bellevue kujitambulisha. Mshenga wangu alikuwa Mzee Lorani, mlinzi wa ghala huko Doornfontein, fundi wa maneno, na alinipa sharti moja tu: "Mwanangu, siku hiyo mdomo ni wangu. Wewe kunywa Fanta, tabasamu." (Kwetu Burundi mwenye kuoa hasemi, anasemewa.)

Rahisi, sivyo? Ila asubuhi yenyewe nikaunguza shati langu jeupe kwa pasi, na badala ya kuazima jingine nikajiambia, ah, baba yake Esperansi ni mshabiki wa Brazil wa kufa mtu, ngoja nivae ile jezi yangu ya njano ya mtumba, yenye nembo ya klabu fulani ya Brazil yenye jina refu la Kireno ambalo mpaka leo nalitamka vibaya. Atanipenda, nikasema.

Sebule ilijaa. Baba, mama, majirani wa kanisani, na shangazi mmoja anaitwa Godeliva, ameshika BlackBerry yake. Mzee Lorani akasimama akaanza hotuba tamu, akataja hadi ng'ombe, ingawa Bellevue nzima hakuna mwenye ng'ombe. Ghafla baba mtu akamkatiza, akaninyooshea kidole: "Kijana, hiyo ni timu gani?"

Swali lilikuwa la mshenga kujibu. Lakini mimi ni kinyozi, na kinyozi hana neno "sijui", mteja akiuliza lolote unajibu huku mashine inaendelea. "Ni klabu ya zamani sana, mzee," nikasema, "ina miaka themanini." Hakuna aliyeniuliza umri. Baba mtu akasogeza kiti, akauliza ilianzishwa na nani, nikasema wafanyakazi wa reli, Mzee Lorani akanikanyaga mguu, nikadhani ni bahati mbaya nikauvuta, nikaendelea. Na kwa kuwa watu walikuwa wanasikiliza vizuri, nikamalizia hivi: "Marehemu baba yangu alikuwa akisikiliza mechi zao redioni pale kwetu Buyenzi, mpaka analia." (Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani na mpira aliuona ni kelele.)

Baba yake Esperansi akaguswa. Akavua kofia, akaomba wote tusimame kidogo tumkumbuke marehemu. Tukasimama, vichwa chini, kimya, hata watoto.

"Hapa kwenye simu," akasema Shangazi Godeliva taratibu, "wanasema hii timu ina miaka minne."

Hakuna aliyekaa, hakuna aliyeinua kichwa. Shangazi akaendelea kusoma: imeanzishwa na mwenye kiwanda cha aiskrimu, imeshahama mji mara moja, haijachukua kombe lolote. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, marehemu alifariki lini?"

"Nikiwa shule ya msingi," nikajibu. Eish, na hapo pia ningeweza kunyamaza.

Walicheka hadi mama mkwe akashika ukuta. Baba mtu akafuta machozi, akavaa kofia, akasema: "Basi, Mzee Lorani, binti tunaye. Siku timu hii ikichukua kombe, mrudi tuongee." Sebule ikalipuka tena, Mzee Lorani naye anacheka, anajiweka sawa kujibu, lakini mimi nilikuwa nimeshatoka mlangoni natafuta pa kuuficha uso.

Nikahama saluni. Simu za Mzee Lorani sikupokea, za Esperansi nilizitazama tu zikiita. Na kila Jumatatu nikawa naenda intaneti kafe kuitafuta ile timu, kompyuta inanitafsiria Kireno kombokombo, na nikajua kila kitu: yule bwana wa aiskrimu aliisajili kuwa timu ya kulipwa kabla haijapata hata uwanja, wachezaji wa kwanza walivalia jezi ndani ya basi, meya wa mji wa kwanza akawanyima uwanja wakahamia mji wa jirani. Niliipenda kweli. Ikafika fainali ya daraja la pili la jimbo lao, ikafungwa kwa penalti, nami nikalia palepale mbele ya wateja wengine.

Ndipo Esperansi akaingia. Akatazama skrini, akanitazama mimi.

"Unafanya nini hapa?"

"Tumefungwa," nikamwambia, "lakini mwakani tuna timu nzuri."

Akavuta kiti, akakaa. "Wewe, baba alikuwa anakutania. Wazee wakitania, mshenga anajibu, watu wanacheka, wanakula, yanaisha. Mama alikuwa amepika. Tulikungoja. Mimi nilikungoja."

Nikauliza kama naweza kuja kesho na Mzee Lorani.

"Jumamosi walikuja watu wa Pretoria kuniposa," akasema. "Baba amekubali. Na mimi nimekubali, nimechoka."

Niliumia, sitawaficha, naumia mpaka leo. Yule bwana harusi wa Pretoria nilimnyoa mimi mwenyewe asubuhi ya harusi, aliletwa na marafiki zake bila kujua mimi ni nani, na kwenye kiti changu hakufungua mdomo hata mara moja. Nilimnyoa vizuri.

Tangu hapo nimeapa. Mtu akinifukuza huku anacheka, siondoki, nakaa palepale mpaka chakula kije.